Kinga ya msumeno inanichosha

SWALI: Shikamoo fundi. Msumeno wangu wa meza ni wa zamani, nimeurithi kwa baba. Kuvua kinga ili nichimbe mfereji wa droo ni spana mbili na dakika kumi, kwa hiyo siku hizi kinga inalala chini ya benchi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yangu nayo ililala hapohapo, mpaka kipande cha mninga kiliponirukia tumboni nikakaa chini bila kukaribishwa.

Chomoa umeme kwanza. Tundu za bati linaloshika kinga nyuma ya bledi zikate ziwe wazi kwa chini, kama mdomo wa spana. Utalegeza bolti tu na kulinyanyua. Nati weka zenye masikio, na washa ya springi, maana mtikisiko hulegeza. Ukirudisha, pima kwa rula: bati hilo la nyuma linyooke na bledi, liwe jembamba kuliko mkato, yaani njia inayoachwa na meno ya bledi, lakini nene kuliko mwili wa bledi. Likienda upande, ubao utakwama na kinga utailaumu bure. Mfuniko wa kinga ukiwa wa chuma, badili uweke polikaboneti, plastiki ngumu inayoonyesha, uone mstari wako. Na msumari wa kuitundika kinga upigilie karibu na swichi, machoni pako.