Kibanda cha Kibuye kisiuzwe

Mmeuliza wiki hii, mtoto mwenye Down syndrome, ule ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, akishakuwa mtu mzima, nani atamtunza wazazi wakiondoka? Hilo swali limeninyima usingizi, maana nina kijana kama huyo. Jibu langu ni dada yake, basi. Kwetu Kisumu hiyo haina mjadala, damu ni damu, na zile elfu mbili kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza, hata ukiandikishwa, nyinyi wenyewe mnajua zinafika wapi.

Zamani wazazi hawakuwa wanaliuliza sana. Hata Marekani mwaka 1983 watu wenye Down syndrome walikuwa wanaishi miaka 25 hivi kwa wastani, leo ni kama 60, moyo ukiwa na shida unapasuliwa mapema. Huku upasuaji wa moyo bado ni harambee, lakini vijana wetu wanafika utu uzima, wangu ana 24.

Sasa niwaambie ya Jumapili moja pale kwa kibanda chetu, soko la Kibuye. Kijana wangu ndiye hupima omena, dagaa wa ziwani. Anajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, anaigonga chini zishuke, anajaza tena mpaka ziwe mlima, halafu anatia kiganja kimoja cha nyongeza. Akaja mama mmoja mgeni, akasimama mbele yake kabisa lakini akaniuliza mimi, "Gorogoro ni ngapi? Na huyu anaelewa kweli?" Pesa akaninyooshea mimi juu ya kichwa chake. Kijana akaweka gorogoro chini, akafunika omena na gunia. Sikusema kitu, nilitaka nione atafanya nini. Akasema polepole, maana ulimi wake ni mzito kidogo, "Mimi ndio napima. Unataka ngapi?" Mama akaniangalia, mimi nikageuka nikaanza kupanga nyanya za jirani. Akangoja, akangoja, mwisho akamwambia yeye, "Nipimie moja." Akapimiwa vizuri, imejaa, ila kiganja cha nyongeza hakupata.

Sasa nikiandika hivi naona dada yake akimchukua atamweka ndani kwa mapenzi tu, asiumie, asichekwe, na kijana atakaa kwa TV mpaka azeeke. Kwa hivyo alale kwa dada yake, sawa, lakini kibanda kisiuzwe hata siku moja. Wanaomjua pale sokoni ni wengi kuliko ukoo wetu wote. Najua noti zinamchanganya, lazima mtu ashike simu ya M-Pesa, na dawa ya thairoidi bila kukumbushwa kila asubuhi hamezi. Tena watoto hawafanani, kuna wenye hawaongei kabisa na mama zao wasinisome vibaya, mimi nazungumzia wangu.

Kama kuna msomaji ameshawahi kuandikisha kibanda cha soko kwa jina la kijana kama huyu, naomba aniambie alianzia ofisi gani, na kama walikubali aweke sahihi mwenyewe.