Kabla hujasema hela za shule zimeliwa, omba faili

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati ya shule niliuanza kwa kumwita mwalimu mkuu mwizi mbele ya wazazi wenzangu. Neno lenyewe sikulitaja. Nilisema tu "hela za shule zinaliwa" huku nimemkazia macho, na kila aliyekuwa kwenye lile darasa akajua namsema nani. Nikapigiwa makofi. Ilikuwa mwezi wa Juni, na wanaoujua ukungu wa huku kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, wanajua unavyoshuka mpaka madirishani. Mimi nilishachoka kuambiwa chaki zimeisha, wakati kila siku redio inasema elimu ni bure na serikali inaleta fedha.

Mwalimu hakujibu. Akatoka, akarudi na faili la bluu lililokatika kamba, akaliweka mbele yangu. "Mama, hesabu."

Nikahesabu, nikaona aibu. Naandika haya ili wewe uhesabu kwanza, makofi yaje baadaye.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, shule inaendeshwa kwa ruzuku. Kila mwanafunzi wa msingi amepangiwa Sh 10,000 kwa mwaka. Sh 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, Sh 6,000 ndizo zinazoingia shuleni moja kwa moja kutoka Hazina. Hiyo ni Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. (Sekondari ni Sh 25,000 kwa mwaka, nusu yake ya vitabu.) Usikimbilie kuziona nyingi. Hiyo elfu kumi ni kiwango cha enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, wakati ilipokaribiana na dola 10 za Marekani. Sukari ya mwaka 2002 uliinunua kwa bei gani?

Kwa hiyo zidisha idadi ya watoto wa shule yako mara 500. Sisi rejesta ilikuwa na watoto 612, yaani tulitakiwa kupata Sh 306,000 kwa mwezi. Kwenye faili la bluu zilikuwa zinaingia Sh 240,000, mwezi hadi mwezi. Gawanya kwa 500: watoto 480. Hiyo 480 ilikuwa idadi yetu ya miaka miwili nyuma, kabla shule haijajaa. Watoto wapya 132 walikuwa wanakaa sakafuni kwetu, lakini kwenye hesabu za huko juu hawajazaliwa. Tulikuwa tunapoteza Sh 66,000 kila mwezi, Sh 792,000 kwa mwaka, na hakuna mwizi hata mmoja wa kumshika shati. Mwalimu mkuu aliwahi kulisema kwa mdomo, mara mbili, kwenye vikao ambavyo hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba huku kijijini tunamwajibisha aliye karibu. Mwalimu tunamwona kila siku, tunajua anapokunywa chai na nani kamkopesha. Ofisi iliyolala na takwimu hatuijui hata mlango. Si kwamba walimu wakuu wote ni malaika, wapo wanaostahili kuhojiwa, lakini wahoji ukiwa na namba mkononi.

Tukaandika barua. Sikiliza hili vizuri, maana ndilo lililotusaidia kuliko kelele zangu zote: barua ilitoka kwenye kikao cha kamati chenye muhtasari uliosainiwa, ikapitia kwa Afisa Elimu Kata, ikaenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani. Tulipeleka nakala mbili, moja tukaiacha masjala, nyingine tukagongewa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Dada wa masjala alituambia haina haja, tuache tu. Tukakaa kwenye benchi mpaka mhuri ulipopatikana. Bila mhuri barua yako haijawahi kufika, utaambiwa hivyo ukirudi. Idadi ilirekebishwa miezi minne baada ya hapo. Malimbikizo ya nyuma hatukuyaona mpaka leo.

Hela za ujenzi zina mambo yake. Siku hizi madarasa mengi yanajengwa kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, fedha zinaingia akaunti ya shule, na wananchi wanaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Madarasa ya fedha za UVIKO ya mwaka 2021 yalijengwa hivyo, Sh milioni 20 kwa chumba. Watu hugombania kamati ya manunuzi kwa sababu wanadhani hela ziko huko. Nikushauri uingie ya mapokezi. Ndiyo inayosimama mlangoni.

Na mimi niliingia, nikaanza kwa kuharibu. Saruji ilikuja nikiwa shambani kwenye viazi, nikaitwa mbio, nikasaini mifuko 100 kwa kuangalia lundo tu. Kesho yake fundi akahesabu: 88. Saini yangu iko pale, na gari limeshaondoka. Sisi wajumbe ndio tuliochanga kufidia, na mume wangu hajaacha kunikumbusha.

Bati zilipokuja nilikuwa mtu mwingine. Gari lilifika saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, dereva anataka kuwahi kurudi mjini. Noti ya mzigo imeandikwa geji 28. Nikawasha tochi ya simu, nikafuta matope kwenye bati la juu, nikasoma maandishi ya kiwandani: geji 30. Kwa asiyejua, geji 30 ni nyembamba, na bei yake ni ndogo. Tukapekua katikati ya lundo, zote ni 30. Dereva akasema, "Mama, saini tu, mtaelewana na bosi kesho." Mzee mmoja wa kamati, fundi mstaafu, alikunja kona ya bati kwa vidole viwili, likakunjika kama karatasi. Hakuna aliyesaini. Gari liligeuza usiku ule na mzigo wake, na baada ya siku nane zikaja 28. Mvua za huku haziwezi kuachwa kwa geji 30.

Michango nitaigusa tu. Wazazi wakikubaliana mahindi na maharage ya watoto, sawa, uji unahitajika kwenye baridi hii. Lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, na ukitoa fedha dai stakabadhi. Mimi fedha isiyo na stakabadhi naihesabu sadaka. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113. Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nayo ikitoka Aprili, tafuta sehemu ya serikali za mitaa. Ni ndefu na inachosha, ila utaona makosa ya halmashauri yanafanana kama mapacha.

Jambo ambalo wengi wetu tunakosea ni wakati. Tunalalamikia vyoo mwezi wa Julai, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza na kila shilingi ina jina. Hoja yako iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji na ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla Mwaka Mpya haujafika, maana bajeti ya halmashauri hujadiliwa miezi inayofuata.

Sisi tumeshaingiza ya kwetu. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Tuna wasichana 310 na wavulana 302, kwa hiyo matundu 16 na 13. Tuliyonayo ni sita na matano, na moja la wasichana mlango wake ni kiroba. Tumeandika kuuliza vyoo vyetu vimewekwa kwenye bajeti ipi, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Mhuri upo. Leo ni siku ya 19.