Waya ya usalama ya trela: isiwe nene, isivikwe kwenye boli

Umeuliza kama waya nene ya winchi inafaa kuwa waya ya usalama ya karavani yako (trela ya kulala). Hapana ndugu, hiyo usiifunge. Kwa karavani yenye breki zinazojishika trela inapolisukuma gari, kazi ya waya ya usalama ni kuvuta breki ya mkono ya trela pindi trela ikichomoka kwenye gari, kisha ikatike yenyewe. Isipokatika, utakokota trela iliyofunga breki ikiyumba nyuma yako, tena mteremko wa kwenda Naivasha! Tafuta nyembamba iliyotengenezewa kazi hiyo, yenye ganda la plastiki na kulabu ya springi. Ikiwa na mkunjo au nyuzi zimechomoza, itupe.

Ipitishe kwenye kipete chini ya shingo ya trela, halafu uishikize kwenye tundu lake kwenye chuma cha kuvutia. Ukiizungusha kwenye boli tu (ule mpira wa chuma unaoshika shingo ya trela) inaweza kuponyoka, na boli la kutolewa likichomoka, waya imekwenda nalo. Iache na ulegevu wa kukata kona kali, ila isiburute lami. Mimi hupiga kona polepole uani huku mtu akiichungulia.

Kama trela yako ni ya Marekani yenye breki za umeme, hapo waya huchomoa pini ya swichi, na betri ya trela ndiyo inayofunga breki. Betri ikiwa imekufa, waya ni pambo.