Kabla mwomba hifadhi hajajibu "ni kweli": kwa wasaidizi wa sheria wapya, Unguja na Pemba

Wanagenzi wetu, tunakupendeni, na ndiyo maana tunasema kwa ukali kidogo. Kila kundi jipya linaingia na makosa yaleyale ya kundi lililopita. Kwenye kesi ya shamba au ya matunzo ya watoto, kosa la Jumatatu hurekebishwa Alhamisi. Kwa mtu aliyekimbia kuuawa kwao haliko hivyo. Akishakabidhiwa kwa wanaomtafuta, rufaa iliyoandikwa vizuri itabaki kwenye faili na yeye hayupo.

1. Shtaka la kuingia nchini kinyume cha sheria

Hapa ndipo mnapotuumiza zaidi, kwa hiyo tutakaa hapa.

Mtu kashuka kwenye jahazi upande wa Wete, hana pasi, kakamatwa. Keshokutwa yuko mbele ya hakimu. Msaidizi mpya anamwona kachoka, hana ndugu, hajui lugha, anamhurumia. Anamnong'oneza: kubali tu, utapigwa faini, yaishe. Hati ya mashtaka inasomwa, anajibu "ni kweli". Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa: tarehe, bandari, hana kibali. Anaulizwa kama ni sahihi, anaitikia. Anatiwa hatiani, na katika mwenendo wote wa kesi hamna hata mstari mmoja unaosema kwa nini alikimbia. Akimaliza adhabu, iwe kwa faini au kwa Chuo cha Mafunzo (gereza la Zanzibar), anarudi mikononi mwa Uhamiaji akiwa mgeni mwenye hatia asiye na ombi lolote. Ofisa anayeandaa kumwondosha anafanya kazi yake kwa karatasi alizonazo, na karatasi hizo hazitaji hatari yoyote. Msaidizi anarudi ofisini akidhani kamaliza kesi.

Sasa fanyeni hivi. Kabla hajajibu shtaka, mahakama iambiwe kwamba mshtakiwa anaomba hifadhi, na iombwe kuahirisha. Msaidizi wa sheria hasimami mahakamani, kwa hiyo wakili atafutwe usiku uleule, si asubuhi kwenye ngazi za mahakama. Hoja ni kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964: mkimbizi haadhibiwi kwa kuingia bila ruhusa akiwa katoka moja kwa moja kwenye hatari, kajitokeza bila kuchelewa na katoa sababu ya maana. Mtaambiwa hakutoka moja kwa moja kwa sababu kapitia Mombasa. Msimamo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni kwamba kupita njiani kwa muda mfupi hakuvunji sharti hilo, na mahakama ya Uingereza iliamua hivyo katika kesi ya Adimi mwaka 1999. Kwa hiyo muulizeni alilala wapi, siku ngapi, na kwa nini hakubaki.

Barua ya ombi isizidi ukurasa mmoja: jina, uraia, tarehe na mahali alipoingia, mahali anaposhikiliwa, sentensi mbili za hofu yake, kisha ombi lenyewe kwamba asirejeshwe kwao, wala kupelekwa nchi nyingine itakayomrejesha, mpaka ombi lake liamuliwe. Iende kwa Mkurugenzi wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani, na nakala kwa Uhamiaji, mahakama na UNHCR. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na saa iandikwe kwa mkono. Muhuri huo ndio utakaothibitisha kwamba Serikali ilijua kabla chombo hakijaondoka.

Msichanganye vifungu. Kifungu cha 33 cha Mkataba kinakataza kumrejesha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unakwenda mbele zaidi: unamtaja anayekimbia vurugu kubwa zinazovunja amani, na kifungu chake cha II(3) kinakataza hata kumzuia mpakani. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998, inayotumika Bara na Zanzibar, ina kinga yake kwenye kifungu cha 28(4), na maneno yake ni membamba: kuadhibiwa kwa kosa la kisiasa, au kushambuliwa mwilini. Mkiandika "anaogopa kurudi" peke yake hamjagusa hata kimojawapo. Andikeni nani atamfanya nini, na kwa sababu gani.

2. Siku 7

Sheria ya Wakimbizi inamtaka ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie, kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (justice of the peace). Visiwani mtendaji wa kijiji hatunaye, na sheha hakutajwa, kwa hiyo msimwache kwa sheha mkadhani ameripoti. Akichelewa, elezeni sababu. Kuchelewa hakuondoi hatari iliyoko kwao.

3. Ubalozi wa nchi yake

Msiupigie. Hata kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa, hata kama karani wake ni jirani yenu. Simu moja inawaambia wanaomtafuta kwamba yu hai, yuko kisiwa gani na anasaidiwa na nani, na nduguze waliobaki ndio watakaogongewa mlango.

4. Saa na tarehe

Mwethiopia anahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Akisema askari walikuja saa nane usiku, anakusudia saa nane yetu. Mkalimani aliyezoea Kiingereza anaandika saa mbili za usiku, kwa kuwa nane yake ni ile ya saa ya ukutani. Mahojiano ya pili mkalimani mwingine anatafsiri sawasawa, na mkimbizi anaonekana mwongo kwa saa sita. Kalenda yao nayo iko nyuma ya hii ya kawaida kwa miaka 7 au 8, na mwaka mpya wao huanza Septemba. Kwa Msomali, mtu anaweza kukumbuka "baada ya Mfungo Tatu" (mwezi wa Hija) asikumbuke mwezi wa Kizungu. Andikeni alivyosema yeye kwanza, kisha pembeni tarehe mliyoibadilisha. Msimsaidie kwa kukisia.

Mkalimani asiwe wa ukoo au chama kinachogombana na chake. Muulizeni mkimbizi mkalimani akiwa nje ya chumba.

5. Fomu ya kurudi kwa hiari

Mtu aliye mahabusu, asiyejua kesho atalala wapi, akipewa fomu na kalamu atatia saini. Desemba 1996 Serikali na UNHCR zilitoa tamko la pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo, na maelfu kwa maelfu wakaondoka huku hiari ikiwa imebaki kwenye makaratasi tu. Mkiona fomu, angalieni mambo matatu: kasomewa kwa lugha yake, kaambiwa kwamba anaweza kukataa, na hakuna aliyemtishia kukaa ndani zaidi. Moja likikosekana, andikeni pingamizi siku hiyohiyo.

Wenzetu wa Pemba hili halihitaji mfano wa mbali. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 27 Januari 2001, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Shimoni, na Kenya ikawapokea. Wazee wa Wete na Micheweni wapo, waulizeni maana ya kutorudishwa.

6. Bandarini na uwanja wa ndege

Anayekataliwa kuingia hurudishwa na chombo kilekile kilichomleta, kwa hiyo ulizeni kwanza kinaondoka saa ngapi, kisha ndiyo muulize mengine. Maneno "naomba hifadhi" ayatamke mwenyewe mbele ya ofisa, na nyinyi muandike jina la ofisa na dakika aliyoyasikia. Picha yake isitumwe kwenye kundi lolote la simu, hata la ofisi. Na mkienda kumwona mahabusu, bebeni fomu ya idhini, kidau cha wino kwa asiyejua kuandika, na namba ya wakili wa zamu iliyoandikwa kwenye karatasi, maana simu mtaiacha kaunta.