Digrii ya hisabati mkononi, kazi ya uhandisi Kusini

Una shahada ya hisabati na unataka kazi ya uhandisi Mtwara au Lindi? Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Tanzania, mhandisi ni mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997, na Bodi inataka shahada ya uhandisi ambayo yenyewe inaitambua. Shahada ya hisabati peke yake haitoshi, hata ukiwa umefaulu kwa daraja la kwanza. Usijiite mhandisi kwenye barua ya maombi. Ukilitaka jina hilo utarudi chuoni, na kabla hujalipa ada ya uzamili, iulize Bodi kwa maandishi kama njia hiyo itakufikisha kwenye usajili. Hesabu zinazogusa usalama wa watu zipitiwe na kusainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, hata kama umezifanya wewe.

Ila kazi ya uhandisi si kusaini tu. Mtambo wa kuchakata gesi Madimba, visima vya Mnazi Bay, Songo Songo kule Kilwa, kiwanda cha saruji, bandari ya Mtwara, mamlaka za maji: kote huko kuna vipimo vinavyotaka mtu wa kuvichambua.

Sisi tunashauri uanzie kwenye maji, gesi ije baadaye. Takwimu za gesi huwezi kuzipata ukiwa nje ya geti, lakini bomba la maji linapita mtaani kwako. Pakua EPANET, programu ya bure ya kuiga mitandao ya mabomba, kisha chora njia moja tu kutoka kwenye tangi hadi kwenye magati ya kuchotea maji. Kabla ya kuiamini programu, piga hesabu moja kwa mkono.

Chukua bomba la plastiki la PE lililoandikwa milimita 110, urefu kilomita 1, likipitisha lita 5 kwa sekunde. Mtu wa hisabati huingiza 110 kwenye mlinganyo wa Darcy-Weisbach na kupata kwamba presha inayopotea njiani ni kama mita 2.6 za maji. Amekosea. Hiyo 110 ni kipenyo cha nje. Bomba la SDR 17 (yaani kipenyo cha nje ni kama mara 17 ya unene wa ukuta) lina ukuta wa milimita 6.6, kwa hiyo maji yanapita kwenye milimita 96.8, na hasara halisi ni kama mita 4.8. Imekaribia mara mbili, kwa sababu kwenye mtiririko huu hasara inategemea kipenyo kwa kipeo kinachokaribia 5. Mlinganyo ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kujua fundi wa bomba anamaanisha nini anapotaja saizi. (Na hapo hatujagusa viungo, vali na kona.) Ndiyo maana siku chache za kushinda na mafundi zina faida kuliko cheti kingine cha mtandaoni.

Kwenye gesi mtego ni geji, kifaa cha kupimia presha. Geji husoma 0 ikiwa hewani, wakati hewa yenyewe ina presha ya takriban bar 1. Gesi ikibanwa kutoka bar 1 ya geji hadi bar 3, joto likiwa lilelile, ujazo haubaki theluthi. Unabaki nusu, kwa kuwa presha kamili (ya geji pamoja na ya hewa) imetoka 2 kwenda 4.

Eneo ambalo hisabati inakupa nguvu ya kweli ni kuharibika kwa mitambo. Tuseme kituo kina pampu 6. Tatu zimekufa baada ya saa 2,000, 3,000 na 4,000. Tatu nyingine bado zinafanya kazi zikiwa na saa 5,000 kila moja. Karani atachukua wastani wa zilizokufa na kusema pampu huishi saa 3,000. Lakini zilizo hai nazo zina ushahidi. Jumlisha saa zote, 24,000, gawa kwa vifo 3: saa 8,000, ikiwa kasi ya kuharibika haibadiliki na umri. Kama inabadilika, nenda kwenye mgawanyo wa Weibull, unaoruhusu kasi hiyo kupanda au kushuka na umri. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua stoo iagize vipuri vingapi, na bosi ataielewa bila kuona alama yoyote ya Kigiriki.

Kusoma michoro ya mabomba na umeme jifunze kwenye kozi fupi. Vyuo vya ufundi vya VETA vipo Mtwara na Lindi. Python na Excel utajifundisha mwenyewe.

Kwenye maombi, tafuta nafasi za uchambuzi wa takwimu, mipango ya matengenezo au udhibiti wa ubora. Tangazo likidai shahada ya uhandisi, usipoteze muda wako. Ambatisha kurasa 2: mchoro wa njia yako ya maji, hesabu ya mkono, matokeo ya EPANET, na sentensi moja inayoeleza kwa nini majibu hayo mawili yametofautiana. Andika vipimio (mita, bar, saa) kila mahali, kwa sababu namba isiyo na kipimio ndiyo ya kwanza kukataliwa na mtu wa karakana.