Mzee amekataa kifaa cha moyo, tumlazimishe?

SWALI: Baba ana miaka 63, ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibuye. Moyo wake hausukumi damu vizuri; picha ya eko ilionyesha asilimia 28. Daktari ameshauri awekewe kifaa kifuani, naye amekataa katakata. Anasema siku hizi anapumua vizuri, tena hataki kutembea na stima mwilini. Tufanye nini?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Msimlazimishe. Mwulizeni kwanza anakataa nini hasa, maana wengi hukataa kifaa kimoja wakidhani ni kingine. Pesimeka huuamsha moyo unaopiga polepole mno. Kwa asilimia 28 (sehemu ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo husukuma nje kila pigo), yaelekea mzee ameshauriwa difibrileta: kidude cha kutoshea kiganjani, hushonewa chini ya ngozi karibu na mtulinga wa kushoto, waya wake ukapita mshipani hadi ndani ya moyo. Mapigo yakivurugika ghafla, huyapiga stima yarudi sawa. Basi. Hakiongezi pumzi wala hakipunguzi miguu kuvimba. (Ipo aina yenye waya wa ziada inayosaidia pumzi, lakini ni kwa wale ambao ECG yao (kipimo cha umeme wa moyo) inaonyesha pande mbili za moyo zimepishana.)

Kwa hiyo mzee akisema "niko sawa", hasemi uongo. Ila kifaa hiki hakiwekwi kwa sababu mtu ni mgonjwa leo. Mvurugiko wa mapigo humwangusha hata aliyetoka sokoni kwa miguu yake.

Faida yake ipo, lakini isitiwe chumvi. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005, wagonjwa walifuatiliwa karibu miaka 4: kati ya kila 100 wasio na kifaa walifariki 29, wenye kifaa 22. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2016 uliangalia wale ambao moyo wao haukudhoofishwa na mishipa iliyoziba. Vifo vya ghafla vilipungua, ila jumla ya vifo haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Mwulizeni daktari moyo wa mzee ulidhoofishwa na nini.

Ulizeni pia kuhusu dawa. Kwa kawaida kifaa hungoja angalau miezi 3 ya dawa kamili, zikipandishwa hadi kipimo anachokimudu, kisha eko irudiwe. Ikivuka asilimia 35, huenda asikihitaji tena. Mtu anayeruka dozi akiishiwa na pesa hajamaliza hiyo miezi 3.

Hofu ya stima ina msingi. Waliopigwa husema ni kama teke la punda kifuani, na wakati mwingine kifaa hukosea kikapiga bure. Hapo ndipo kazi ya mzee inapoingia: mkondo wa mashine ya kuchomelea unaweza kusomwa kama mapigo yaliyovurugika. Ushauri wa kawaida ni asizidishe ampea 160 na kifua kikae sentimita 60 kutoka kwenye cheche. Kwa fundi wa mageti hilo ni suala la riziki, na daktari asipoligusia, msishangae mgonjwa akikataa.

Gharama nayo haiishi siku ya upasuaji. Betri hudumu miaka 7 hadi 10 hivi, halafu kidude hubadilishwa. Ukaguzi ni kila miezi 3 hadi 6, kwa mashine maalumu. Ulizeni mashine hiyo iko Kisumu au itabidi msafiri, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini.

Akishaelewa haya yote na bado akatae, ni haki yake. Dawa na kliniki ziendelee, na anaweza kubadili nia wakati wowote.

SWALI: Mama ana difibrileta, na sasa saratani imeenea. Je, kitamsumbua akikata roho?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kinaweza, tena mara kadhaa mfululizo. Ombeni sehemu ya kupiga stima izimwe mapema. Hakuna kisu: hufanywa kwa mashine ileile ya ukaguzi, dakika chache, bila maumivu, na kuizima hakusimamishi moyo. Wakati wa dharura, mhudumu huweka sumaku juu ya kifaa. Kwa kawaida hakitapiga maadamu sumaku iko pale.