Smuthi nzito bila maziwa

Dada, kama maziwa yanakuvuruga tumbo na bado unataka smuthi nzito, tumia parachichi na tui la nazi. Menya ndizi mbivu mbili, zikate vipande, uzigandishe kwenye friza usiku kucha. Usiruke hatua hiyo, maana ndizi iliyoganda ndiyo inayoleta ule ulaini. Ukitia barafu badala yake inakuwa majimaji. Saga na embe moja, nusu ya parachichi na nusu kikombe cha tui zito la kwanza. Sukari ya nini? Embe dodo lililoiva linatosha kabisa! Kamulia ndimu kidogo, parachichi lisiwe jeusi. Inywe palepale, ikikaa hujitenga.